Ng'onda wa Kupeleka Kongwa

Mama alianza kujikuna shingoni kabla hatujanawa mikono. Tulikuwa tumekaa mkekani sebuleni kwangu, Dodoma, sinia la wali katikati, na samaki jodari niliyemleta kutoka Mtwara amebaki mifupa. Nikadhani ni mbu. Mara macho yakamwiva, uso ukamvimba kidogo, akasema anasikia joto. Mwanangu wa pili akalalamika kwamba ulimi unamchoma kama aliyekula pilipili, na kwenye mchuzi ule sikuwa nimetia pilipili hata moja. Haikupita nusu saa Mama akawa ameshika kifua, anasema moyo unamwenda mbio. Tukamwingiza kwenye bajaji, tukakimbilia hospitali usiku ule.

Daktari hakuhangaika sana. Alituuliza tumekula nini, nikamjibu. Akauliza samaki amekaa muda gani bila barafu ya kutosha. Hapo nilishindwa kujibu, kwa sababu mimi ni fundi wa friji za chanjo. Kazi yangu yote, miaka na miaka, ni kuhakikisha chanjo inakaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, kuanzia bohari mpaka kwenye zahanati ya kijiji cha mwisho. Ninajua kwa vidole vyangu barafu inamaliza saa ngapi. Na samaki wa kumlisha mama yangu nilimbeba kilomita zipatazo elfu moja ndani ya ndoo.

Mama alichomwa sindano, akalala, asubuhi akaamka mzima. Wanangu walipewa vidonge. Lakini maelezo ya daktari yamenikaa, na nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote anayetaka kubeba samaki kutoka pwani. Jodari, nguru, vibua, sehewa na jamaa zao wana kitu ndani ya nyama yao ambacho, samaki akikaa kwenye joto, bakteria hukigeuza kuwa histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe kama ule wa Mama. Histamini ikishajijenga haiondoki. Ukimpika haiondoki, ukimkaanga mpaka akakauka haiondoki, ukimgandisha baadaye haiondoki. Na samaki mwenyewe anaweza asinuke kabisa. Wangu hakunuka. Alikuwa mzuri, nyama nyekundu, nimemsifia mbele za watu.

Hiyo ilikuwa Novemba 2018, safari yangu ya kwanza ya kikazi Kusini. Tulikwenda kufunga friji za sola kwenye zahanati za Mtwara Vijijini na Newala. Anayekumbuka mwaka ule anajua Kusini nzima ilikuwa inazungumza korosho tu. Wakulima walikuwa wamezikataa bei za minadani, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi tukapishana nayo barabarani. Mwenzetu mmoja, tulipokuwa Newala, akataka kujinunulia gunia la korosho ghafi kwa mkulima, aende nalo nyumbani kama zawadi. Dereva wetu, mtu mzima na mwenyeji wa huko huko, akamsogeza pembeni.

"Mdogo wangu, hiyo inaitwa kangomba. Utatuletea matatizo."

Kangomba ni ule ununuzi wa kinyemela, mtu anampimia mkulima kwa kipimo cha kienyeji nje ya chama cha msingi cha wakulima na nje ya mfumo rasmi wa mauzo wa stakabadhi ghalani. Kwa mwaka ule neno hilo lilikuwa zito. Na dereva akaongeza jambo ambalo mgeni halifikirii: korosho ghafi ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi. "Ukifika nayo Dodoma, nani atakubangulia?" Tangu siku hiyo nimejifunza kumsikiliza dereva kwanza kabla ya kufungua pochi. Madereva wa safari hizi wanajua kila kichochoro chenye kitu kizuri, na wanajua pia kipi kitakuletea aibu kwenye kizuizi.

Korosho za kubanguliwa tulinunua Mnazi Mmoja, pale Mingoyo, njia panda ya kwenda Masasi. Hilo halina siri kubwa. Vunja moja kwa meno: ikilia, nunua, ikinepa, imeingia unyevu, iache. Zilizochomwa kienyeji zina alama nyeusi nyeusi na ladha ya moshi, na mimi ndizo ninazozipenda kuliko zile nyeupe za mashine, ingawa zawadi ya bosi watu hununua nyeupe. Zifunge kwenye chombo kinachobana. Basi.

Kosa lilikuwa kwenye samaki. Nilikwenda Feri, soko la samaki la Mtwara, asubuhi ya kuondoka, posho imebaki kidogo, na moyoni nina neno moja tu: mkono mtupu haulambwi. Mama alikuwa amekuja kwangu kutoka Kongwa, na maisha yake yote samaki aliowafahamu ni kambale na perege wa mabwawani, na dagaa wa ziwani wanaofika madukani. Nilitaka ale samaki wa baharini, mkubwa, mbichi, aseme mwanangu ametoka mbali. Nikamwona jodari wa kama kilo sita. Macho yake angavu, matamvua mekundu, ukimbonyeza nyama inarudi. Sikukosea kumchagua. Wakati huo mifuko ya rambo ilikuwa bado haijapigwa marufuku, akafungwa kwenye rambo mbili, nikamtia kwenye ndoo pamoja na chupa mbili za maji yaliyoganda, za lita moja na nusu kila moja.

Mwenzangu alisema: si tuna vibebeo vya chanjo vitupu kwenye gari, mtie humo. Nilikataa, na hilo sijalijutia mpaka leo. Kibebeo cha chanjo ni cha chanjo tu. Lakini ningekuwa mkali vile vile kwa upande wa samaki, ningejiuliza hesabu ya barafu. Samaki kwa hali ya hewa yetu anataka kilo ya barafu kwa kila kilo yake, akalaliwe na barafu chini, juu na tumboni, na kila inapoyeyuka maji yamwagwe na nyingine iongezwe. Mimi nilikuwa na kilo tatu kwa samaki wa kilo sita, halafu nimezifungia kwenye chupa hata hazimgusi. Tulipofika Nangurukuru, kule Kilwa, chupa zote zilikuwa maji. Dar tuliingia usiku, tukapata nafasi kwenye friji ya jikoni pale tulipolala, friji iliyokuwa inafunguliwa kila dakika. Kesho yake tukaingia Dodoma jioni. Yaliyofuata nimeshayasimulia.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, siku ya kurudi Kongwa, akiwa ameshika kikapu chake mlangoni: "Samaki wa bahari tuwaachie watu wa bahari." Akaondoka. Na kwa karibu miaka mitatu hakugusa kitu chochote kilichotoka kwenye maji ya chumvi, hata kwenye harusi. Iliniuma. Nilikuwa nimetaka kumfungulia mlango, nikaufunga mimi mwenyewe.

Safari ya pili ilikuwa Julai 2021. Upepo wa kusi ulikuwa mkali, vyombo vidogo vingi vimepandishwa mchangani, na samaki wa kina kirefu walikuwa wachache Feri. Lakini mwezi ulikuwa umeandama siku mbili tatu nyuma, kwa hiyo ilikuwa bamvua, maji yanakupwa mbali mpaka mwamba unabaki wazi. Asubuhi niliwaona akina mama wanarudi wakitembea kutoka mwambani, kanga wamezifunga juu ya magoti, na pweza wananing'inia mikononi mwao. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba soko la samaki lina kalenda yake na kalenda hiyo ni mwezi. Bamvua ni siku za pweza. Usiku wa giza ni siku za dagaa, kwa sababu wanavuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi. Ratiba yetu ya kazi hupangwa na watu walioko ofisini Dodoma, hawaangalii mwezi. Kwa hiyo mtu anayekwenda kikazi hawezi kusema "nitaleta pweza". Anasema nitaleta walichopata wenyeji wiki hiyo.

Chini ya mti wa mkungu, mbali kidogo na kelele za mnada, alikuwa amekaa bibi mmoja na kichanja chake. Dagaa waliochemshwa na kuanikwa upande mmoja, pweza wakavu wamefungwa pamoja kama kuni, na ng'onda wamepangwa mmoja juu ya mwenzake. Ng'onda kwa asiyemjua ni samaki aliyepasuliwa mgongoni, akafunguliwa bapa kama kitabu, akatiwa chumvi na kukaushwa juani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Huyu ng'onda unauzaje?"

Hakunitajia bei. "Unampelekea nani?"

Nikamwambia mama yangu.

"Yuko wapi?"

"Kongwa. Dodoma."

"Huko wanakula na nini?"

"Ugali wa mtama. Mara nyingi na mlenda."

"Nazi zipo?"

"Hakuna bibi. Za kununua mjini, na ghali."

"Karanga?"

"Karanga zipo nyingi."

"Meno anayo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anangoja jibu. Nikasema anayo machache. Basi akaisogeza mbali ile fungu ya pweza ambayo macho yangu yalikuwa juu yake, akaniambia pweza mkavu si wa huyo mama. Akachomoa ng'onda watatu wa samaki aitwaye changu kutoka katikati ya rundo, wala si wale wa juu waliokuwa wakubwa, akawaweka mapajani pangu.

Nimefanya ununuzi sehemu nyingi za nchi hii. Nimeulizwa ninataka kilo ngapi, nimeulizwa nina shilingi ngapi. Sijawahi kuulizwa na muuzaji kama mlaji ana meno. Nilikaa pale karibu saa nzima, dereva akaja kuniita mara mbili. Nikamsimulia habari ya jodari. Akatikisa kichwa taratibu na kusema, kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma, kwamba samaki mbichi ni chakula cha anayesikia mawimbi. Anayekwenda mbali hubeba mkavu. Ndivyo walivyobebeana wao, kutoka pwani kupanda bara, tangu kwa mabibi zake.

Nikafikiri juu ya kazi yangu. Ninahangaika na paneli, betri, vipimajoto, ili kitu kisiharibike njiani. Huyu mama na wenzake walishaimaliza shida ile ile kwa upande wa chakula kwa kisu, chumvi na jua, na matokeo yake yalikuwa mapajani mwangu, makavu, hayahitaji umeme. Mimi nilikuwa nimempita miaka mitatu nyuma nikimkimbilia jodari kwa sababu ng'onda nilimwona ni chakula cha shida. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko lile la barafu. Nilinunua nilichodhani kina sifa, badala ya kununua kilichotengenezwa kwa ajili ya kusafiri.

Alinifundisha pia kumkagua. Mfungue pale palipokuwa uti wa mgongo, weka pua hapo hapo. Nyama ya juu inaweza kukudanganya, mgongo hausemi uongo. Chumvi iwe nyeupe, imeganda kavu. Ukiona wekundu wa waridi umetanda juu ya chumvi, muache, ameshaharibika. Ukimkunja akapinda kama ngozi mbichi, hajakauka, atavunda kwenye gunia. Na ukiona ng'onda amekaa uwanjani na nzi hata mmoja hamsogelei, jiulize amepuliziwa nini. Mwenyewe niliongeza langu kutokana na yaliyotupata: sikuchukua jodari mkavu wala nguru mkavu. Samaki wa aina hiyo akiwa ameshapata joto kabla ya kuanikwa, jua halimrudishi alikotoka. Changu, kwa Mama, ndiye aliyenipa amani.

Kufunga akanizuia nisitumie kitu cha plastiki. Ng'onda ndani ya plastiki hutoka jasho, jasho linaleta ukungu. Gazeti, halafu salfeti, halafu mahali panapopita hewa. Rambo zenyewe hazikuwepo tena, zilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini watu wengi walikuwa wamehamia kwenye ndoo zenye mifuniko, na kwa mkavu ndoo nayo ni mbaya vile vile.

Bado nilikaidi kidogo. Nilimnunua pweza mmoja mkavu kwa ajili ya wifi yangu, kwa sababu alivyokuwa anapendeza nilishindwa kumwacha. Bibi alinieleza namna ya kumtengeneza: apondwe kwa mchi mpaka nyuzi zilegee, alowekwe, achemshwe kwa moto mdogo mpaka alainike, ndipo atiwe tui la nazi. Nilimkabidhi wifi pweza nikamsahau kumkabidhi maneno. Alimkata vipande akamchemsha lisaa limoja, ikawa kama kutafuna kandambili, akamtupa. Alinificha mwaka mzima kwa heshima, akaja kunieleza siku tunamenya vitunguu kwenye msiba. Tangu hapo zawadi yangu yoyote ya chakula inakwenda na karatasi. Naandika kwa mkono, kwa herufi kubwa: loweka muda gani, mwaga maji mara ngapi, pika na nini. Kwa wasiosoma, natuma sauti kwenye simu.

Ng'onda wa Mama nilimpeleka mwenyewe hadi Kongwa. Alipomwona alirudi nyuma hatua moja.

"Ni wa bahari?"

"Wa bahari, Mama."

"Mtundike hapo."

Nikamtundika jikoni juu ya mafiga. Usiku nikamloweka mmoja, nikaamka alfajiri kubadilisha maji. Mchana nikambanika kidogo juu ya makaa mpaka ngozi ikaanza kunukia, nikamchambua miiba, nikatwanga karanga, nikapika mchuzi wa karanga na kumrudisha ndani. Kitunguu kimoja, nyanya mbili, chumvi sikutia kabisa. Mama alikaa mlangoni anaangalia nje, lakini niliona pua yake inavyofanya kazi. Nilipopakua alichovya ugali kwenye mchuzi tu, nyama hakugusa. Akachovya tena. Tukakaa kimya. Nilikuwa nahesabu dakika kichwani, najua kwamba yale ya mwaka 2018 yalitokea mapema sana baada ya kula. Nusu saa ikapita. Saa ikapita. Akanyoosha mkono kwenye sufuria, akachukua kipande kidogo, akakila kwa upande wenye meno.

"Huyu hana pilipili," akasema.

Wiki iliyofuata alinipigia kuuliza wale wawili waliobaki wanalowekwa kwenye maji ya moto au ya baridi.

Safari ya tatu ilikuwa mwishoni mwa Aprili 2024, na safari hii Mama alikuwa na maagizo. Changu wanne, dagaa kidogo. Nilimweleza kuhusu mwezi, nikasema siku tutakazokuwepo itakuwa maji mafu, hayakupwi mbali, pweza hawatakuwa wengi. Akajibu pweza hakumwagiza. Halafu akaingia ndani akatoka na kifuko cha kitambaa, kimefungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na mlenda mkavu, majani aliyoyachuma wakati wa mvua, akayaanika kivulini na kuyaponda mwenyewe.

"Mpelekee yule mama. Mwambie maji yachemke kwanza, atie magadi kiasi cha ncha ya kisu, ndipo atie huu. Akoroge. Asifunike chungu. Akifunika utafura wote umwagikie motoni. Mwisho atie karanga iliyosagwa. Umesikia? Asifunike."

Bibi nilimkuta chini ya mkungu ule ule. Alinisahau sura, lakini nilipotaja Kongwa na meno akakumbuka. Nilipompa kifuko alikinusa, akatia kidole akaonja unga mkavu, akaniuliza maswali: unaliwa na nini, unakaa muda gani, kwa nini usifunikwe. Nikamrudishia maneno ya Mama kama nilivyoyapokea. Akakataa kupokea hela ya ng'onda wawili kati ya wanne. Tulivutana, nikashindwa.

Siku tuliyotakiwa kugeuza, Kimbunga Hidaya kilikuwa kimeshatua. Tulifika Lindi tukaambiwa mbele hakupitiki: tarehe 4 Mei mvua zilikuwa zimeikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, eneo la Somanga na kwingineko, mabasi na malori yamepanga foleni pande zote. Wenzangu wawili walikuwa na deli lenye nguru na kamba, safari hii na barafu ya kutosha kabisa, niliwapimia mwenyewe kilo kwa kilo. Lakini barafu ya kutosha ni ya safari inayojulikana urefu. Tulilala Lindi. Asubuhi wakatafuta barafu nyingine wakapata kidogo. Mchana nikawaambia, tusiwasubirishe, wapikwe leo wangali wazima. Tukawapa akina mama wa jikoni pale tulipofikia, wakapika kamba na nguru wote, tukala sisi na abiria wengine waliokwama, na mtoto mmoja aliyekuwa na bibi yake akala kamba watano. Wale wenzangu walisikitika kidogo kwa ajili ya nyumbani kwao. Mimi sioni kama ilikuwa hasara.

Kesho yake dereva akaamua tuzunguke Songea. Tukarudi Mingoyo, tukashika Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa. Mvua ilitufuata sehemu kubwa ya njia. Salfeti la ng'onda lilikuwa juu ya gari kwa sababu ya harufu, maana ng'onda ndani ya gari lililofungwa vioo ni kuwatesa wenzako, na turubai lilivuja upande mmoja. Tulipofika Tunduru nililishusha, nikawafungua wote, nikawaanika kwenye kamba ya nguo ya nyumba ya wageni, mwenye nyumba akiangalia bila kusema kitu. Asubuhi nikamwachia mmoja, na karatasi yake. Njombe palikuwa na baridi ya Mei, hapo nikajua tumepona. Tuliingia Dodoma usiku wa tatu.

Nilipofika Kongwa, Mama hakuuliza habari ya kimbunga. Aliuliza kama yule mama ameshapika mlenda. Nikasema sijui. Akasema piga simu. Nikapiga, bibi akapokea, nikampa Mama simu, na kwa mara ya kwanza wakasikiana sauti. Wakaamkiana kwanza, wakaulizana afya, miguu, mvua, wajukuu. Kisha Mama akaingia kwenye jambo lenyewe.

"Ulifunika?"

Simu ilikuwa kwenye spika, sauti ya bibi ikajaa jikoni. Hakufunika. Alikoroga kama alivyoambiwa, magadi ncha ya kisu, karanga hakuwa nazo siku hiyo.

"Sasa ukatia nini?"

"Dada yangu, nikatia dagaa. Na tui kidogo."

Mama akanyamaza. Akaangalia mafigani, ambako ng'onda watatu walikuwa wananing'inia pale pale walipotundikwa wa kwanza. Kwao mlenda hauingizwi samaki ovyo, nilijua kuna neno linakuja. Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Dagaa wakavu au wabichi?"